Mpaka Tone la Mwisho

Mimi ni fundi wa magari, na katika kazi hii nimemdanganya mteja kuhusu oili mara moja tu. Mteja mwenyewe alikuwa mama mkwe wangu.

Kabla hujanihukumu, nikueleze alivyokuwa. Mama alifanya kazi ya ukunga miaka thelathini na minne, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Sista, hata watu ambao hawajawahi kumwona na sare nyeupe. Baba mkwe alipofariki alimwachia gari dogo la kijani. Rangi ilikuwa imepauka na milango miwili ilifunguka kwa kubembelezwa, ila injini ilikuwa bado inanguruma vizuri. Mama akajifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na minane, akafaulu mtihani mara ya kwanza, na tangu hapo hakutaka kuendeshwa na mtu. Mara mbili kwa wiki alikwenda nje kabisa ya mji kumchukua dada yake mkubwa, ambaye miguu ilishamkataa, akampeleka kliniki na kumrudisha. Mama mkubwa hakuwa na mtu mwingine wa kumtoa ndani.

Gari lile lilikuwa linakula oili. Ndivyo zilivyo injini zilizochoka: hazivuji, hazitoi moshi wa kutisha, ila oili inapungua ndani kwa ndani bila kelele. Kila zikipita kilomita elfu tatu nilikuta lita nzima haipo, na injini yenyewe inabeba lita nne tu. Kwa hiyo nilimpangia tangu mwanzo kubadilisha oili kila kilomita elfu tatu, na katikati aje kila baada ya wiki mbili nipime na kuongeza kilichopungua. Aliipokea ratiba hiyo kama agizo la daktari. Ijumaa kwa Ijumaa ya zamu yake, saa tatu asubuhi, gari la kijani lilikuwa mlangoni mwa gereji, na mama akishuka huku akisema amekuja kupimwa presha.

Kupima oili ni kazi ya dakika moja. Unachomoa kijiti, unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena na kusoma alama. Mama aliifanya kazi hiyo iwe ya nusu siku. Alikuja na chupa yake ya chai, akaketi kwenye benchi la wateja ukutani, na kuanzia hapo gereji ikawa wodi yake. Kama tambara la kufutia kijiti ndilo nililofutia breki, alitaka jingine. Kama sikunawa mikono kabla ya kula, chakula kilingoja. Siku za kubadilisha oili ndiyo usiseme. Ukishafungua nati ya chini, oili yote ya maana inatoka ndani ya dakika kumi; baada ya hapo ni tone moja moja, na fundi mwenye magari mengine yanayomngoja anarudisha nati na kuendelea na maisha. Mama hakukubali. Aliinama na mgongo wake ule, akachungulia beseni chini ya gari, akasema, "Bado inadondoka." Nami nikabaki nimesimama na spana mkononi kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, mpaka tone la mwisho.

Yote hayo nilivumilia. Lililonishinda ni hadithi zake.

Kulikuwa na meneja wa usafiri wa shule moja, mwenye mabasi matano, ambaye nilikuwa nimemfukuzia miezi mitatu aniletee kazi. Siku aliyokuja kuona gereji ilikuwa Ijumaa ya mama. Nikampokea, nikakunjua sauti yangu nzito, nikawa namweleza juu ya matengenezo ya kila msimu. Mama kwenye benchi akamwuliza kama ana watoto. Akasema anao wawili. Basi mama akamsimulia siku alipozaliwa kifungua mimba wetu: jinsi mimi, na kifua changu hiki, nilivyosikia mke wangu akilia mara moja tu nikaanguka chali kwenye korido ya wazazi, nikapindua toroli la mabeseni, na wauguzi wawili wakamwacha mwenye uchungu wakaja kunipepea. Akaonyesha na mikono nilivyolala. Meneja akacheka mpaka akavua miwani.

Hadithi ni ya kweli tupu, na hilo ndilo lililonichoma. Tena meneja alinipa mabasi yote matano, na siku nyingine akanieleza kwamba alianza kuniamini pale pale kwenye benchi. Lakini saa ile sikuwa na habari hiyo. Nilikuwa nimevimba. Alipoondoka nikaenda kwenye gari la kijani, nikamaliza kubadilisha oili bila kusubiri tone lolote, nikamwita mama, nikamwonyesha galoni.

"Mama, hii ni oili ya kisasa," nikamwambia. "Mambo ya elfu tatu yamepitwa na wakati. Sasa ni elfu kumi."

Akavaa miwani akasoma. Galoni lilisema kweli kilomita elfu kumi. Chini yake, kwa herufi ndogo, lilisema ni kwa injini mpya, na mahali hapo ndipo nilipokuwa nimeshika kwa kidole gumba.

"Na kupima?" akauliza.

"Hakuna haja. Ukifungua boneti kila mara unaingiza vumbi bure."

Uongo wa namna hiyo hata mtoto anayeuza pipi barabarani angeucheka. Mama hakucheka. Alikunja miwani yake na kuniangalia kwa furaha kabisa. "Basi afadhali, mwanangu," akasema. "Utapumzika. Nilikuwa naona nakusumbua."

Ningeweza kurudi nyuma hapo. Maneno yenyewe yalinipa mlango. Badala yake nikachukua kadi, ile tunayofunga kwa waya karibu na betri, nikaandika tarehe, kilomita za siku hiyo, na kilomita za kurudi: elfu kumi mbele. Mama akainakili kwenye daftari lake, tarakimu kwa tarakimu, akapiga mstari chini kwa rula.

Kisha nikapata amani. Siwezi kudanganya mara mbili, kwa hiyo nitasema: niliifurahia. Miezi minane nilifuta kijiti kwa tambara nilipendalo. Benchi likajaa matairi ya zamani. Mke wangu akiuliza mbona mama siku hizi haji gereji, nilisema teknolojia imeendelea. Ila Ijumaa moja moja, saa tatu, sikio langu lilisikiliza mlango lenyewe, nami nikalikaripia na kuongeza sauti ya redio. Nilijua hesabu. Lita moja kila elfu tatu. Hesabu hiyo hata darasa la tatu wanaiweza, na nilichofanya ni kutoifanya.

Mchana mmoja wa Jumatano simu ikalia. Mama yuko barabarani, gari limezimika, haliwaki. Nilimkuta kilomita nne kutoka gereji, amesimama kando ya gari na daftari lake kifuani. Mama mkubwa alikuwa ameketi ndani, siti ya nyuma, na kadi yake ya kliniki magotini, jua likimpiga upande mmoja. Walikuwa wamekaa hapo saa nzima kabla hajakubali kunisumbua. Nikafungua boneti, nikachomoa kijiti. Kilitoka kikavu, kina ukoko mweusi nchani tu. Nikajaribu kuzungusha injini kwa mkono, ikagoma kama jiwe.

Kabla sijafungua mdomo, mama akaanza kuomba radhi.

Alinifungulia daftari. Alikuwa amepitiliza. Nilimwandikia elfu kumi, yeye akaenda elfu kumi na mia moja arobaini. Wiki ile dada yake alikuwa na kipimo cha ziada, safari ikaongezeka, akasema atakuja kesho, na kesho ikawa kesho. Leo asubuhi taa nyekundu ya oili ikawaka, naye akaelewa kwamba gari linamkumbusha siku imepita, akamwambia dada yake wapitie kwangu kwanza. Ndivyo alivyokuwa anakuja. Kilomita za mwisho kabla halijazimika aliendesha polepole kwa adabu, taa ikiwaka mbele yake, injini ikijisaga bila oili, na yeye akiamini anatekeleza agizo.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Uliniandikia vizuri. Ni mimi niliyesahau."

Nikasema hapana mama, mambo hayo hutokea. Ndiyo yote niliyosema. Maneno matupu, laini, ya mtu mwema. Nikawatafutia gari la kuwarudisha, nikalivuta la kijani mpaka gereji, nikalifungua nati ya chini. Kilichotoka kilijaa kikopo kimoja cha maziwa, tena kizito, kinatambaa. Nilikiangalia kile kikopo mpaka mafundi jirani wakaniuliza kama kuna msiba.

Nikaamua kuitengeneza injini kwa mikono yangu mwenyewe, kwa vifaa vipya, bila kumshirikisha mtu. Nilijiambia nikimrudishia gari linanguruma, tutakuwa sawa. Nilijifungia na kazi hiyo wiki mbili. Niliosha kila kipande, ingawa nilijua kiu yake ya oili haitaisha. Niling'oa beringi zilizoungua, zimebadilika rangi mpaka buluu, na kila moja niliyoitoa nilitaka kuificha.

Wakati mimi nahangaika na vyuma, mama alikuwa anavunjika upande mwingine. Habari nilizipata kwa mke wangu mezani. Mama ameanza kuandika kila kitu kwenye vikaratasi. Kabandika ukutani jikoni: zima jiko, funga bomba, vidonge viwili asubuhi. Amempigia simu mara tatu kuuliza kama leo ni Jumanne. Mke wangu alisema umri umefika, si kosa la mtu, na kwamba ni heri limetokea kwenye gari, lingeweza kutokea kwenye moto. Aliyasema huku anamwaga machozi ndani ya bakuli. Nikampa kitambaa. Mkono wangu ulitulia kabisa nilipompa, na utulivu huo ulinitia hofu.

Mara ya pili mke wangu alikuja na uamuzi. Mama hataendesha tena. Gari likitengemaa liuzwe. Mwalimu mmoja mtaani kwao ameshaonyesha nia, atakuja Jumatatu. Nikauliza mama mkubwa atakwendaje kliniki. Mke wangu akasema mama amelifikiria hilo, akakosa jibu, na akasema afadhali dada yake akose kliniki kuliko afe barabarani na dereva aliyesahaulika na akili yake.

Sikulala vizuri, na ilinistahili.

Jumapili alasiri tulikwenda kwa mama. Mke wangu alipanda nami kwenye gari la kijani, injini ikinguruma laini kama cherehani, naye akanisifu njia nzima, akisema mama ana bahati kupata mkwe kama mimi. Mimi natazama mbele. Tulipofika, mama alitupokea sebuleni, ametayarisha meza. Katikati ya meza, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, kulikuwa na funguo ya akiba na kadi ya umiliki wa gari, vimepangwa kama vitu vya marehemu.

Nikampa funguo yangu. Akaikataa kwa kiganja.

"Wauguzi wangu niliwatoa kwenye kabati la dawa kwa kosa kama hili," akasema. "Mtu aliyesahau dozi hakabidhiwi tena. Sheria niliwawekea wengine, siwezi kujiruka mwenyewe."

Mke wangu akamshika bega, akamwambia amefanya vizuri, apumzike sasa. Mama akaitika kwa kichwa. Alikuwa amekuwa mdogo kwenye kile kiti. Mwanamke aliyenifanya ninawe mikono mbele ya wateja wangu alikuwa anaangalia viatu vyake, akingoja tumwambie cha kufanya. Nami nikaona kwamba nikinyamaza dakika moja zaidi, nitanyamaza mpaka tumzike.

"Mama, hukusahau," nikasema. "Zile mia moja arobaini hazikuua kitu. Gari lile lilikuwa halifiki elfu kumi hata kwa miujiza, nami nilijua. Nilijua siku naandika."

Mke wangu akageuka. Mama hakugeuka. Nikaendelea, maana nikisimama sitaanza tena. Nikawaambia lita moja kila elfu tatu. Nikawaambia herufi ndogo kwenye galoni na kidole changu juu yake. Nikawaambia vumbi ni uongo. Nikafika kwenye meneja na hadithi ya korido, na hapo nikaongea nikiangalia kitambaa cha meza, kwa sababu sababu yenyewe, ukiitoa nje mchana kweupe, ni aibu tupu. Mtu mzima, fundi, kaua injini ya mama yake kwa sababu alichekwa.

"Ulinichoka," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

Akaongea polepole, bila hasira, na ningeipokea hasira kwa mikono miwili. "Ungesema tu. Ningekaa nyumbani kwangu. Kupima nimepima watu miaka thelathini na minne, ungenionyesha kijiti kilipo, ningepima mwenyewe." Akaangalia mlango wa jikoni. "Wiki mbili hizi nimeandika mpaka chumvi. Nikishatia, naandika nimetia."

Akasimama, akaenda jikoni. Tukasikia vikaratasi vikibanduliwa ukutani, kimoja, kimoja, bila haraka. Mke wangu aliangalia sakafu muda wote. Nilitamani anitukane.

Mama aliporudi alikuwa na daftari na kalamu. Akauliza sasa ni ngapi. Nikasema elfu tatu, na kupima kila wiki mbili.

"Hiyo ni ya gari au ni yako?"

"Ya gari, mama."

Akaiandika. Halafu akatoka nje nasi, akaniamuru nifungue boneti nimwonyeshe kijiti. Alikichomoa, akakifuta kwa kitambaa safi kutoka mkobani, akakirudisha, akakichomoa na kusoma alama kwa kukiinua juu kidogo, kama alivyokuwa akisoma kipimajoto. Akaisoma sawa. Akachukua funguo kiganjani mwangu na kusema tumwambie mwalimu asije. Mke wangu alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa nzima, nami nikatembea nyuma yake hatua kumi.

Wiki kumi zilipita. Kila wiki mbili mama alipima mwenyewe nyumbani kwake na kumtumia mke wangu ujumbe: imetimia, au, nimeongeza robo lita. Mimi hakunitumia. Nilitoa matairi kwenye benchi, nikalisugua kwa sabuni, nikapiga na msasa mahali palipokuwa panachana nguo. Nikanunua fungu la matambara mapya, nikayatundika peke yake kwenye msumari, na sikuruhusu mkono mwingine uyaguse.

Kilomita elfu tatu zilipotimia alipiga simu kuuliza kubadilisha oili kunachukua dakika ngapi. Mama mkwe wangu kuniuliza dakika. Nikasema arobaini. Akasema atakuja saa tatu, na saa tatu na dakika arobaini ataondoka, maana hataki kunichelewesha.

Alikuja saa tatu kamili. Hakuja na chupa ya chai. Alisalimia vizuri, akanikabidhi funguo, akasimama kando ya mlango wa gari lake na mkoba mkononi, kama mteja wa kwanza kufika mahali asipopajua. Nikamkaribisha kwenye benchi, akasema ahsante, yuko sawa. Nikanawa mikono mbele yake bila kuambiwa.

Meneja wa mabasi akapita kuleta basi moja, akamwona, akafurahi. Akamwambia, Sista, hebu nisimulie tena ile ya korido, nimeisimulia nyumbani mpaka watoto wameichoka. Mama akatabasamu kwa upole.

"Sikumbuki vizuri," akasema. "Ni siku nyingi."

Alikumbuka. Nilikuwa chini ya gari, nikisikia, na nikashukuru kwamba uso wangu unaangalia vyuma.

Nilifungua nati. Oili ikatoka kwa kamba nene, ikapungua, ikawa uzi, kisha tone moja moja ndani ya beseni. Zamani hapa ndipo nilipoanza kusonya. Sasa nilikuwa nalala chini nikihesabu, nikitamani injini ile ingekuwa na lita arobaini. Tone. Kimya. Tone. Kisha kimya kirefu, na hakuna kingine kilichokuja.

"Imeisha?" mama akauliza kutoka juu. Niliona viatu vyake vyeusi, visigino vimekaa pamoja.

"Bado, mama," nikasema. "Bado inadondoka."

Viatu havikusogea. Kisha magoti yakapinda, taratibu, na mgongo wake ule, na uso wake ukatokea ubavuni mwa gari, umeinama, unachungulia beseni. Aliangalia tundu la nati. Lilikuwa kavu. Akaniangalia mimi, muda mrefu, na oili mashavuni mwangu.

Akainuka. Nikasikia hatua zake zikienda ukutani, na mbao za benchi zikilia kidogo. Nilipotoa kichwa kutazama, alikuwa ameketi ukingoni kabisa, mkoba bado mapajani, akitazama saa yake.